Kafedha na Tanuru la Magongo

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya Kafedha Mwarandu ilikuwa kutazama chupa. Kiwanda kilikuwa Changamwe, upande wa barabara ya malori, na yeye aliketi kwenye kiti kirefu mbele ya ubao mweupe uliowashwa taa kwa nyuma. Chupa zilipita kwenye mkanda, moja nyuma ya nyingine, bado zina joto, na mkono wake ulichomoa yoyote yenye povu, ufa, kijiwe ndani ya kioo au shingo iliyokwenda upande. Kila nusu saa alimpisha mwenzake akaenda kupumzisha macho. Zamu yao ilikuwa na wanawake tisa, na pale kiwandani waliitwa akina mama wa taa.

Alianza kazi hiyo akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, ametoka Kaloleni kuja kukaa kwa mjomba wake Mikindani. Alipoachishwa alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alikuwa mke wa Kiponda, aliyeendesha foklifti kwenye bohari la makontena, na mama wa binti mmoja, Linda, aliyekuwa kidato cha tatu. Mwaka huo kiwanda kilileta kamera inayoona dosari haraka kuliko jicho la mtu. Meneja aliwaita wote tisa, akawashukuru kwa maneno mazuri, wakapewa soda na keki na kiinua mgongo chao. Winfred, aliyekuwa mcheshi kuliko wote, alikula vipande viwili vya keki huku machozi yanamtoka.

Wenzake walijua la kufanya. Winfred alifungua saluni ya kusuka nywele. Nduku, Mkamba aliyekuwa akiketi karibu na Kafedha, akaanza kuuza mboga sokoni. Kafedha alikaa nyumbani mwezi mzima, akifua nguo zilizokwisha fuliwa. Jioni moja wakati wa kula alimwambia mumewe jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Baba Linda, mimi nataka kutengeneza vyombo vya kioo."

Kiponda aliacha kutafuna. "Kwa mashine gani?"

"Kwa mdomo. Mtu anapuliza."

"Kuna kiwanda kizima pale kinatoa maelfu kwa siku, na wewe unataka kupuliza kwa mdomo."

"Zile zote ni chupa moja," Kafedha alisema. "Miaka yote hiyo nilikuwa nikitoa zile zenye dosari, na nyingine nilikuwa natamani kwenda nazo nyumbani. Kulikuwa na moja ina povu refu kama tone la mvua. Naikumbuka mpaka leo."

Kiponda hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimaliza ugali wake, akanawa mikono, akasema kwamba pesa ni za mkewe, jasho ni la mkewe, ila asije akaichoma nyumba. Kafedha alilichukua jibu hilo kuwa ndiyo.

Fundi mmoja wa kiwandani aliwahi kumwambia kwamba Mishomoroni kuna mzee aliyepuliza kioo miaka thelathini katika karakana moja huko bara, kisha akastaafu na kuja kukaa kwa binti yake. Kafedha alimtafuta kwa siku mbili, akiuliza dukani na kanisani, hadi alipoelekezwa kwenye nyumba yenye mabanda ya kuku. Mzee Musyoka alikuwa mrefu, mwembamba, na mikono yake ilikuwa na makovu madogo meupe hadi viwikoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama ni mayai, leo yamekwisha."

Kafedha alimweleza alichokuja kutafuta. Mzee alimsikiliza huku akimwaga pumba kwenye chano cha kuku, kisha akatikisa kichwa.

"Mama, tanuru la kioo si jiko. Ukiliwasha hulizimi. Ni kama una mtoto mchanga asiyekua. Nenda ukaanzishe duka, utalala vizuri zaidi."

"Nimelala vizuri miaka kumi na tisa," Kafedha alijibu. "Nimechoka kulala vizuri."

Mzee akamtazama. Aliingia ndani, akarudi na gilasi mbili za rangi ya kijani kibichi, nzito, za kupulizwa kwa mkono. "Niambie unaona nini."

Kafedha aliziinua kuelekea mwanga wa mlangoni, akazizungusha polepole kama alivyokuwa akifanya kiwandani meneja alipotaka maelezo. Hakuwa na haraka. "Hii ya kwanza ina uzi chini ya mdomo. Kioo kilikuwa hakijaiva sawasawa. Na hii nyingine ukuta wake mmoja ni mnene. Aliyeipuliza alisita kuizungusha. Kidogo tu, kisha akaendelea."

Mzee Musyoka alikaa kwenye kiti chake cha mbao. Aliitazama ile gilasi ya pili mkononi mwa mgeni. "Aliyesita ni mimi," alisema. "Waliniletea habari kwamba mke wangu amejifungua salama. Hawa watu wa hapa wanaitumia kunywea maji na hakuna aliyewahi kuuliza." Akairudisha kabatini mwenyewe. Aliporudi alitoa masharti yake: yeye hatapuliza tena, maana kifua chake kimeshafanya kazi yake. Atakaa kwenye kiti na kusema. Na nauli ya kutoka Mishomoroni hadi huko tanuru litakapokuwa isiwe juu yake.

Mahali palipatikana Magongo, nyuma ya gereji ya malori, banda la mabati lililokuwa stoo ya magurudumu yaliyochakaa. Jirani wa pale alikuwa Wafula, kijana wa Bungoma aliyekuwa akiunga chuma, mtu wa kufanya kazi kwanza na kuuliza baadaye. Kafedha alimletea mchoro alioufanya mzee kwenye karatasi ya daftari. Wafula aliugeuza juu chini mara mbili.

"Madam, hii kitu nimeielewa," alisema. "Ni jiko kubwa lenye hasira."

Alilijenga kwa pipa la chuma lililozungushiwa matofali ya kuhimili moto, na ndani yake chungu kizito cha kuyeyushia chupa tupu. Pembeni akajenga tanuru dogo la kupozea, ambamo chombo kikiisha kupulizwa huwekwa kipoe polepole hadi kesho yake. Kikipoa haraka hupasuka. Mrija wa kupulizia, wenye urefu wa mtu wa kimo cha wastani, aliutengeneza kwa bomba la chuma lisiloshika kutu.

Kilichobaki kilikuwa moto wenyewe. Bei ya gesi ilikuwa haishikiki. Mzee Musyoka alisema karakana yao ya bara ilitumia mafuta machafu ya magari, lakini moshi wake ndio uliomharibia kifua. Jibu lilitoka kwa Mwanarehema, mama wa makamo aliyekuwa akikaanga viazi karai na bajia kando ya barabara, mita chache kutoka gereji. Alikuja siku moja kuuliza banda lile litakuwa la nini, akaelezwa, akafikiri.

"Mafuta yangu ya kukaangia nikishayatumia siku tatu nayamwaga," alisema. "Na wenzangu wote kuanzia hapa hadi kituo cha mafuta wanayamwaga. Je, yatawaka?"

Yaliwaka. Wafula aliunda kichomeo chenye feni, mafuta yakachujwa kwa kitambaa, na siku walipowasha tanuru, harufu ya viazi na bajia ilitanda gereji yote. Makanika wa malori waliacha kazi wakaja kuuliza bei ya sahani. Kwa wiki nzima Kafedha alikuwa akiwaeleza watu kwamba hapo hapauzwi chakula.

Mzee hakumruhusu kugusa kioo mara moja. Alimwanzisha kwa asali. Alimpa fimbo na bakuli la asali nzito, akamwambia aichovye, aizungushe, na isidondoke hata tone. Kafedha alifanya hivyo siku nne, nzi wamemzunguka, mkono unauma hadi begani. Siku ya tano mzee akaelekeza kidole kwenye tanuru. Kafedha alichovya mrija kwenye chungu kile chekundu, na kioo kikamfuata kama kitu chenye uhai. Alipotaka kukipuliza kilikuwa kimeshadondoka sakafuni.

"Ulisimama," mzee alisema kutoka kwenye kiti chake.

"Sikusimama, mzee."

"Ulisimama kufurahi. Furahi huku unazungusha."

Ilimchukua miezi miwili. Aliungua mara nyingi, akajua jinsi ya kukunja gazeti lililoloweshwa maji na kulishika kiganjani ili kuviringisha kioo cha moto, mvuke ukipanda na karatasi ikinuka. Gilasi ya kwanza kusimama yenyewe ilikuwa imeinama upande mmoja. Alikwenda nayo nyumbani. Kiponda aliiweka mezani, akaizunguka kwa macho, akasema inakaa kama mtu aliyetoka harusini. Kesho yake alinywea maji kwayo, na kesho kutwa pia. Linda alipoitumia siku moja babake aliuliza gilasi yake iko wapi.

Mtaani lakini watu waliona mengine. Waliona mwanamke analeta magunia ya chupa tupu, pipa linalochemka mchana kutwa, watu wanaingia na kutoka wamelowa jasho. Maneno yakafika kwa naibu wa chifu kwamba pale nyuma ya gereji panapikwa pombe haramu ya chang'aa. Alasiri moja alifika na askari wawili.

"Tunaomba kuona mitambo," alisema naibu wa chifu.

Wafula alitaka kujibu, Kafedha akamzuia. Aliwakaribisha, akawasogeza mbali kidogo na mlango wa tanuru, akachovya mrija. Alipuliza, akazungusha, akaviringisha kwenye gazeti, akapuliza tena. Askari wote wawili walikuwa wamevua kofia kwa sababu ya joto. Kitu kile kiligeuka kutoka rangi ya machungwa hadi kijani, kikawa jagi dogo lenye shingo. Wafula akalitia mkono wa kushikia kwa koleo.

Askari mmoja, mtu mnene mwenye sauti ya chini, aliuliza kama na yeye anaweza kujaribu. Mzee Musyoka alisema kutoka kitini, "Mwacheni, ana kifua." Askari alipuliza mpaka mishipa ikamtoka shingoni, na mwisho wa mrija likatokea puto la kioo lenye ukubwa wa embe, limekwenda mrama. Alilirudia siku iliyofuata lilipokuwa limepoa, amevaa nguo za nyumbani, akaja na mkewe amwonyeshe. Tangu hapo hakuna aliyezungumzia chang'aa tena, na naibu wa chifu akawa ndiye anayewaelekeza watu banda liko wapi.

Jambo lililomuumiza Kafedha kweli lilitokea mwezi wa kumi. Akina mama wa kanisa lake, Mikindani, walikuwa wanamuaga mchungaji aliyehamishwa, wakamwomba gilasi thelathini za mezani. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa. Wakati huohuo Mzee Musyoka akaugua kifua, akawa haji Magongo kwa wiki tatu. Chupa zilikuwa zimepungua, na Wafula akampata mtu aliyebomoa nyumba ya zamani, akaleta vioo vya madirisha mkokoteni mzima. Kafedha aliviponda akavichanganya na chupa. Gilasi zilitoka nzuri, safi kuliko zote alizowahi kutengeneza.

Siku ya karamu zilipangwa juu ya vitambaa vyeupe. Watu wakasimama kwa sala. Mchungaji alikuwa amefika katikati ya kuomba wakati gilasi moja ilipopasuka yenyewe, bila kuguswa na mtu, na maji yakatambaa mezani. Baada ya muda ikapasuka ya pili, meza nyingine. Mchungaji alifungua macho, akayafunga, akaendelea. Hadi chakula kilipokwisha zilikuwa zimepasuka kumi na moja. Hakuna aliyemsema Kafedha. Waliondoa vigae kimyakimya, wakaleta vikombe vya plastiki, na ukimya huo ndio alioubeba hadi nyumbani. Aliviokota vile vigae vyote akavifunga ndani ya leso.

Asubuhi alikwenda Mishomoroni, akaifungua ile leso miguuni mwa mzee. Musyoka alikuwa amekonda, amejifunika shuka, lakini aliokota kigae kimoja na kukitazama kwa makini.

"Uliyeyusha nini?"

"Chupa. Na vioo vya dirisha."

"Pamoja?"

"Mzee, nilidhani kioo ni kioo."

"Mimi nilipaswa kukwambia mapema," mzee alisema, na Kafedha akaona kwamba ameumia kama yeye. "Kioo cha dirisha na cha chupa havisinyai sawa vikipoa. Kimoja husinyaa zaidi. Kwa macho ni gilasi moja, lakini ndani vinavutana, na siku moja kimoja kinashinda. Hata chupa zenyewe zinatofautiana. Karakana yetu ilikuwa na watu wa kuchagua tu, siku nzima wanachagua. Hii na hii, ile na ile. Watu wa namna hiyo ni vigumu kuwapata."

Kafedha alikunja leso yake. "Mimi nawajua wanane," alisema.

Hakungoja. Siku hiyohiyo alimkuta Winfred saluni, vidole vyake viko katikati ya kichwa cha mteja, akamweleza. Winfred hakuinua uso. "Nani atakuwa kwenye taa?" aliuliza. "Nduku bado anajua kuona kijiwe?" Alhamisi walikuja saba. Wa nane alikuwa amerudi kwao Voi. Wafula alikuwa amepaka ubao rangi nyeupe na kufunga taa mbili ndefu kwa nyuma, na mbele yake ameweka meza ya urefu wa banda. Wanawake wale walisimama mbele ya taa wakatazamana. Nduku alifuta mikono kwa kanga yake, akachukua chupa ya kwanza kwenye gunia, akaiinua.

"Hii si ya hapa," alisema. "Tazameni kitako chake. Na hii hapa ni ya mvinyo, ina rangi ya chuma ndani. Tusiweke na hizi."

Baada ya robo saa hakukuwa na haja ya kuambizana. Mikono yao ilirudia mwendo wake wa zamani, chupa zikapita kutoka mmoja hadi mwingine, na Winfred akaanza kumsimulia Nduku habari ya mteja wake mmoja, hadithi ndefu iliyokuwa ikikatizwa kila dakika na "hii kijani, weka kule". Mwanarehema aliwaletea bajia na chai ya maziwa. Aliwaona wanavyofanya kazi, akauliza kama mtu asiyewahi kufanya kazi kiwandani anaweza kufundishwa. Mpaka saa kumi jioni magunia kumi na manne yalikuwa yamekuwa mafungu sita, kila fungu na kioo chake.

Kafedha alitengeneza gilasi thelathini nyingine, akaziacha mwezi mzima kwenye rafu kabla ya kuziamini. Hazikupasuka. Alizipeleka kanisani bila kuitwa, na mama mwenyekiti akazipanga kabatini moja moja.

Sasa ni mwaka wa tatu. Wanawake wanne kati ya wale saba hufanya kazi Magongo siku zote. Watatu huja siku za kuchagua, kwa sababu wana biashara zao na hawataki kuziacha. Nduku amejifunza kupuliza bakuli. Winfred alijaribu akasema mapafu yake ni ya kuongea tu, akachukua kazi ya kupokea wateja. Wafula, aliyedhani yeye ni mtu wa chuma, ndiye amekuwa na mkono mwepesi kuliko wote, na Kafedha humwachia vyombo vyenye shingo nyembamba bila kuona haya. Mwanarehema bado anakaanga viazi asubuhi. Mchana huketi kwenye pembe yake mbele ya kimoto kidogo, akivuta nyuzi za kioo na kuzizungusha kuwa shanga. Yeye ni mtu wa Mji wa Kale kwa asili, anajua shanga za kiuno zinavyotakiwa kulia zikigongana, na akina mama wa Kisauni hadi Likoni humletea maagizo kwa sauti ya chini.

Hoteli moja ya kusini, ng'ambo ya Likoni, iliomba taa arobaini za kuning'iniza. Msimamizi wake alikuja na picha, akataka zote ziwe sawasawa kabisa.

"Zitafanana kama ndugu," Kafedha alimwambia. "Kama wataka zifanane kama chupa, kiwanda kiko pale mbele."

Yule bwana alizichagua mwenyewe kwa siku nzima, akaondoka na arobaini na tatu.

Kila Jumamosi mlango huwa wazi kwa yeyote. Huja makanika, wauguzi waliotoka zamu, wanafunzi wa chuo, siku moja kwaya nzima. Mzee Musyoka amepata nafuu, ingawa daktari hamruhusu kukaribia moshi, na kiti chake kimewekwa mlangoni penye hewa. Kutoka hapo huwaambia watu waliosimama kwamba wamesimama.

Mara moja kwa mwaka, mwezi wa nane, tanuru huzimwa ili matofali yabadilishwe. Mwaka huu lilizimwa siku tisa. Kiponda alichukua likizo, wakaenda na mkewe Kaloleni kumwona mama mkwe, wakapalilia mihogo na kulala mapema. Siku ya nne Kafedha alikuwa anampigia Wafula simu kuuliza matofali yamekauka kiasi gani. Siku ya sita alimpigia tena. Kiponda alisema kama ni hivyo warudi tu, naye ameshachoka kunywea maji kikombe cha bati.

Waliliwasha tena Jumatatu asubuhi. Mwanarehema alisoma dua, Nduku akaomba kwa Kikamba kwa sababu alisema hayo mambo hayatoki vizuri kwa lugha nyingine, na Wafula akafungua mafuta. Ilichukua hadi kesho yake kioo kiive. Kafedha alikuja mapema, akafunga kanga kichwani, akachungulia kwenye mlango wa tanuru huku ameziba uso kwa kiganja.

"Kimeiva?" Winfred aliuliza.

"Bado kidogo," alisema, akavuta kiti akakaa kungoja. Nje malori yalikuwa yakiunguruma kuelekea bandarini, na Mwanarehema alikuwa anatia viazi vya kwanza kwenye karai.